Maji ya Mtu Asiyekuja

Tangi lilikaa chini ya nyumba miaka thelathini na moja,
jeupe, pana kiunoni kama shangazi wa kwaya,
likinguruma usiku kila maji yalipopoa.
Kitandani nilihesabu: tak, tak, halafu fuu,
moto umeshika.
Nalala.

Tulikuwa sita. Maji yalitosha wanne.
Orrin aliingia wa kwanza, kwani zamu ya bandarini
haimsubiri mtu; kisha Maren; kisha pacha,
waliogombana hapo nje hadi mlango ukabanduka rangi;
kisha Halvor. Mimi wa mwisho.
Huku Duluth baridi haikai nje peke yake.
Februari maji ya ziwa huingia bombani
yakiwa bado yanaikumbuka barafu,
nami chini yake, povu kichwani,
nauliza kwa sauti: Nani kayamaliza?
Hakuna aliyejibu. Wote walikuwa safi.

Sasa niko peke yangu, na tangi halikuambiwa.
Liliendelea kuchemsha lita mia moja na hamsini
mchana kutwa, usiku kucha,
kumwekea maji mtu asiyekuja.
Husemwa akiba haiozi.
Hii ilioza. Jumatatu nilishuka na kapu la nguo
nikakuta dimbwi, rangi ya chai ya mkandaa,
limelizunguka miguuni.

Fundi alikuja Alhamisi: kijana, Thaddeus Bellanger.
Viatu alivivua mlangoni bila kuombwa.
Akapima bomba la gesi, akajikuna shingo.
"Hili jembamba, mama. Chombo kipya kina kiu ya moto."
Akaandika bei, akanisogezea karatasi kifudifudi,
kama daktari mwenye majibu.
Nikaigeuza. Nikauliza kama wanapokea kwa awamu.
Wanapokea.

Alipofungua koki ya chini hakikutoka kitu.
Akachokoa kwa waya.
Ndipo ukaja mchanga, kutu, ndoo moja, ndoo ya pili,
vumbi la maji yote tuliyooga.
"Huku nyuma kuna maandishi," akasema.
Penseli ya seremala, mwandiko wa Orrin:

Okt. 94, nusu ndoo.
Okt. 95, nusu ndoo.
Okt. 02, robo. Halvor kanisaidia.
Okt. 15, sikuweza kuinama.

Baada ya hapo, bati jeupe tu.

Sikusema neno. Thaddeus naye hakusema.
Akaenda garini, akarudi na mkasi wa bati,
akakata kipande sawa na sinia,
sufi ya njano ikimwagikia soksi zake,
akakunja kingo kwa koleo ili zisinikate.

Hiki kipya kimeangikwa ukutani,
hakikizidi kibegi cha safari ya siku mbili.
Hakina tumbo. Hakiweki kitu.
Kimelala hadi nifungue bomba huku juu;
ndipo kinashtuka, kinavuta pumzi, kinawasha.

Tusidanganyane, si muujiza.
Maji yaliyolala njiani lazima yatangulie,
yapande ngazi zote mbili kwa mwendo wao:
nimehesabu hadi thelathini na nane.
Na ukifunga ili ujipake sabuni, kisha ukafungua tena,
huja moto, kisha baridi kali, kisha moto,
kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua.
Thaddeus alinionya. Bado napiga kelele.

Usiku, kimya. Hakuna tak, hakuna fuu.
Wiki ya kwanza nililala kwa vipande vipande.
Kipande cha bati nimekiegemeza nyuma ya mashine ya kufulia;
Maren akiuliza nitamwambia ni cha kuzuia unyevu.

Jana niliingia kuoga saa mbili usiku.
Hakuna aliyegonga.
Nikaosha nywele, nikaziosha tena,
vidole vikakunjamana, kioo kikapotea kwa mvuke,
nami nimesimama tu, mabega yameinuka kwa mazoea,
nikiyangoja yaishe.

Hayakuisha.
Ikabidi niyafunge mwenyewe.